Simeo Hiza na Sahani ya Baba Askofu

Simeo, mdogo wangu, mwaka umetimia. Mwaka mzima tangu ile Jumapili uliporudi kutoka Bungu na Baba Askofu, ukakaa kwenye kigoda cha mlangoni kwako Kwamndolwa, ukafungua kamba za kiatu cha kulia, cha kushoto hukukifikia. Mkeo Efrazia alipotoka na maji ya kunawa alikukuta umeegemea ukuta, umeshaondoka. Hukuaga mtu. Na wewe ulivyokuwa mwepesi wa kuaga, hata mbuzi wa watu ulikuwa unawaambia kwaherini.

Sisi tuliobaki tunakusalimu. Mvua zilikuja, zikaenda. Mahindi ya Misima yamekubali, ya Kwamndolwa yameliwa na viwavi. Nimeanza na mahindi kwa sababu najua ndiyo ungeyauliza kwanza, afya zetu baadaye.

Wanaosoma hapa wengine hawakukufahamu, basi wavumilie niwaeleze kidogo mbele yako. Huyu ni Kasisi Simeo Hiza, kasisi wa Baba Askofu Yordani. Hakuwa kasisi wa parishi, mwenye kanisa lake na kengele yake. Yeye ni yule anayefuatana na Askofu kila anakokwenda, anamshikia fimbo, anasimama nyuma ya bega lake. Kanisa lake lilikuwa gari, na waumini wake walikuwa wawili, Askofu na dereva.

Mimi ni Mwanaidi, dada yake mkubwa. Ndiyo, Mwanaidi, msirudi nyuma kusoma tena. Baba yetu alikuwa Mzigua, Mwislamu wa Misima huko Handeni, mama yetu Mkristo wa Bungu kule milimani. Baba alipofariki mimi nilikuwa nimeshaolewa, kaka yetu Sabiri yuko madrasa, na wewe Simeo bado unanyonya. Mama akakufunga mgongoni akarudi kwao. Ndivyo tulivyogawana, sisi tukabaki na Ijumaa, wewe ukapewa Jumapili. Hatukuwahi kugombana kwa hilo. Wewe ulikuja kwangu Idd, mimi nikaja kwako Krismasi, na kila mmoja alijua kinachotuleta kwa kweli ni pilau.

Ulikuwa mpole, Simeo. Mtu akikukanyaga, wewe ndiye unayesema pole. Ulipokuwa mdogo nilikuja Bungu kumsalimia mama nikakukuta unamtetea kuku asichinjwe, unasema bado hajaamua. Mama akakuuliza hajaamua nini, ukasema, "Hajaamua kufa." Yule kuku akaishi mpaka akazeeka, akafa kwa kuchoka. Nilimwambia mama, huyu ama atakuwa kasisi ama atakuwa maskini. Mungu akakupa vyote viwili.

Kazi yako watu hawakuielewa, na mimi mmoja wao. Nilikuuliza siku moja, "Simeo, wewe hasa unafanya nini?"

Ukasema, "Dada, Baba Askofu akivua ile kofia kubwa, mimi naipokea. Akitaka kuivaa, namrudishia."

"Na katikati?"

"Katikati naishika."

Nikasema serikali ikitangaza kazi kama hiyo, na mimi nitaomba.

Mpaka nilipokuja kuona kwa macho yangu, siku Baba Askofu alipokuja Misima kutoa kipaimara. Nilikaa nje ya kanisa chini ya dirisha, kwa sababu mjukuu wa jirani yangu alikuwa anapokea, na kwangu mimi sherehe haina dini. Nikakuona. Kabla Askofu hajaingia ulikuwa umeshazunguka kanisa zima kwa macho. Ukamwambia sikioni, nilikuja kuambiwa baadaye, nani amefiwa, ampe pole kabla ya wakubwa. Ukamwambia kwaya na wazee wa kanisa hawaelewani, asisifu upande mmoja. Kitabu kilikuwa wazi mahali panapotakiwa kabla hajanyoosha mkono. Mikono ilipomchoka, maana watoto walikuwa wengi na kila kichwa kinawekewa mikono, ukamsogezea kiti bila mtu kuona, akawa amekaa kama vile ndivyo ilivyoandikwa. Baba Askofu alikuwa anafanya kazi mbele ya watu, na wewe ulikuwa unaifanya kazi hiyo hiyo nyuma yake.

Na barabara zetu unazijua. Mwaka ule wa mvua kubwa gari lilizama kwenye tope njiani, Baba Askofu akavua viatu ili na yeye ashuke kusukuma. Dereva alinihadithia. Ukamzuia mlangoni ukamwambia, "Baba, wewe omba, mimi nisukume." Akaomba, ukasukuma, gari likatoka. Mpaka leo dereva anasema hajui ni kipi kilichosaidia, ila matope yalikuwa kwako peke yako.

Hata wakulima na wafugaji walipogombania kisima, wakamwita Baba Askofu awapatanishe, wewe ulikaa nyuma yake. Yeye ni Msambaa, damu yake inachemka haraka. Kila alipotaka kupaza sauti ulimgusa kiwiko. Walipopatana watu wakasema Askofu wetu ana busara. Anayo. Nusu ilikuwa kwenye kiwiko.

Sasa nije kwenye lile ambalo kila mtu anangoja niliseme. Chakula.

Huko kwetu Askofu akija, watu hawalali. Mbuzi anachinjwa, kuku wanakimbizwa, wali unapikwa wa harusi, soda zinaletwa na maji ya baridi. Sahani ya Askofu inajazwa na mwenyekiti wa akina mama mwenyewe, kwa mkono wake, mpaka inakuwa kilima. Wewe ulijipakulia kidogo, kama mgonjwa. Kisha Baba Askofu anaombea chakula.

Sala ile inajulikana Handeni nzima kwa urefu. Anaombea waliopika, waliolima, waliochota maji, waliokata kuni, na kuni zenyewe. Wali unapoa, macho yamefumbwa. Akisema Amina, watu wakifumbua macho, kile kilima kiko mbele yako wewe, na kile kidogo cha mgonjwa kiko mbele ya Askofu. Na soda yake iko kwako. Na chai yake ya maziwa iko kwako.

Watu wakaanza kusema. Kasisi anamwibia Askofu sahani! Tena wakati wa sala! Na yule Baba wa watu kwa upole wake hasemi kitu, anakula kile kidogo alichoachiwa. Hata kwangu, Idd moja ulipokuja naye, ukafanya vile vile mbele ya Waislamu wote. Kaka Sabiri akaninong'oneza, "Dada, huyu tuliyezaliwa naye ni kasisi au fisi?" Nikamjibu anyamaze, fisi haombi kwanza.

Ukapewa majina. Kasisi Kilima. Kasisi Amina. Wewe ukicheka tu. Akina mama nao, kwa roho zao nzuri, wakakosea kosa ambalo akina mama wa Handeni tu wanaweza kulikosea. Hawakukukasirikia. Walisema, "Huyu baba ana njaa. Mkewe hampikii." Basi wakaanza kujaza sahani zote mbili. Sasa Askofu ana kilima, na wewe una kilima. Kwa hiyo ukawa unakula kilima chako na sehemu kubwa ya kile kingine. Walipoona bado unamaliza, wakaongeza na cha kufungashia.

Neno hilo, mkewe hampikii, lilishuka barabara mpaka Korogwe, likavuka mto, likafika Kwamndolwa, likaingia jikoni kwa Efrazia.

Wifi yangu Efrazia ni mpishi, jamani. Sisemi kwa sababu ni wifi. Kisamvu chake cha nazi mtu anakula mpaka anasahau alikuja kudai nini. Aliposikia anasemwa hampikii mumewe, alianza kupika kama anashindana na dayosisi. Na wewe unarudi jioni, tumbo limekutangulia, unakaa mezani unatazama sahani kama mtu anayetazama mlima ambao ameambiwa aupande mara ya pili siku hiyo hiyo.

Nilikuwepo siku moja, nilisikia.

"Baba Stefania, kula."

"Nimeshiba, mke wangu."

"Umeshiba kwa nani?"

"Kazini."

"Kazi ya Askofu ni kutoa kipaimara au ni kula?"

Ukacheka. Ukamega tonge moja, ukalichovya, ukalimeza kwa shida, ukasema, "Tamu sana." Ukaenda kulala ubavu huku umefungua mkanda. Efrazia akafunika sahani. Alifunika kwa sahani nyingine taratibu sana, na mimi nilijua kwamba mwanamke anayefunika chakula taratibu vile ana kitu kinamla.

Kisha ukafa.

Msibani Wasambaa, watani wetu sisi Wazigua, walikuja kama desturi. Wakaleta sufuria la makande wakaliweka karibu na jeneza, wakagonga kifuniko, "Kasisi Amina! Amka, Askofu anaomba!" Watu wakacheka huku wanalia, na mimi nilicheka, utani haukatazwi msibani, ndiyo mahali pake. Efrazia peke yake hakucheka.

Halafu wakaingia wale wa kutoka nyanda za wafugaji, na mbele yao Mama Beatrisi, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa la kule. Mwanamke mrefu, shanga mpaka hapa, sauti kama ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Akajitupa chini akalia, "Simeo! Simeo! Nani atakula chakula changu sasa? Nani atamaliza maziwa yangu?"

Efrazia akainua kichwa kwenye mkeka.

"Wifi, huyu nani?"

"Mama Beatrisi, wa kule kwa wafugaji."

"Anamwitaje mume wangu kwa jina?"

Nikamwambia kwenye kilio kila mtu huita kwa jina. Hakunisikia. Alikuwa ameshapata mtu wa kumvisha ile shuka ya wivu aliyokuwa anaishona moyoni miaka yote.

Ndiyo iliyomkaa mwaka huu mzima, Simeo. Lazima nikwambie ukweli. Hakugombana na mtu, hakutukana, kanisani alienda. Lakini alikuwa anapika kwa watoto kisha yeye anaondoka mezani. Siku moja tunachambua mboga, akaniuliza bila kuinua macho, "Wifi, wewe ni damu yake. Niambie tu. Mkono wangu una nini?" Nilitaka nimfanyie mzaha, nikakosa. Mimi, nikakosa mzaha! Tangu niote meno haijawahi kunitokea.

Tulipoanza kupanga ibada ya kumbukumbu hii, Sabiri ametoa mbuzi, watoto wako wametafuta turubai, tukamwuliza Efrazia kuhusu chakula. Akasema, "Kumbukumbu fanyeni. Kanisani nitakaa mbele kama mjane. Ila mimi sipiki. Aliyekuwa anampikia aje apike."

Kumbukumbu yako, nyumbani kwako, mkeo hapiki. Nikaona hili si la kuachia wanaume.

Nikaenda mjini Korogwe kwa Baba Askofu. Nilimkuta amekonda. Nilikuwa nimesikia maneno yake pia, maana na yeye ameanza kusemwa. Tangu ulipoondoka, akienda parishini anamaliza ibada anasema ana haraka, anapanda gari chakula hakijaiva. Watu wakanung'unika kwamba tangu kasisi wake afe, Askofu anatuogopa, anadhani tutamlisha nini? Na kwetu mgeni akikataa chakula ameshasema neno baya, hata kama mdomo haukufunguka.

"Shikamoo, Dada Mwanaidi."

"Marahaba, Baba Askofu." Ndivyo tunavyosalimiana, yeye baba yangu na mimi dada yake, umri na kanisa havijawahi kupatana. "Nimekuja na swali moja tu. Ndugu yangu alikuwa na mwanamke?"

Akashika ukingo wa meza. "Simeo? Simeo huyu? Hapana!"

"Basi alikuwa anashiba kwa nani, mpaka akifika kwake hana pa kuweka tonge?"

Akapangapanga karatasi zake. Nikamngoja, mimi sina haraka, nauli nilishalipa. Mwisho akasema, "Mama Stefania ndivyo anavyofikiri? Kwamba ni mwanamke?"

"Mwaka mzima."

Akavua miwani. "Dada, kesho nitakuja Kwamndolwa."

"Njoo. Ila ujue hatapika."

"Afadhali," akasema, na mimi wakati ule sikumwelewa.

Haya yanayofuata si siri tena, Simeo, usiniinukie huko uliko. Baba Askofu ameshayasema mwenyewe kanisani mbele ya watu wote, Misima akasema, kwa wafugaji akasema, na akina mama wakalia wakamlaumu kwa nini hakusema zamani wangemchemshia mchicha. Lakini mahali pa kwanza alipoyasema ni sebuleni kwako, na wewe una haki ya kusikia ilivyokuwa.

Alikuja bila kofia, bila fimbo, kanzu tu. Efrazia alikuwa ameapa hapiki, lakini mgeni ni mgeni, akaleta chai ya maziwa. Akaiweka mbele yake kwa mikono miwili. "Karibu, Baba. Sukari nimeweka mwenyewe, ya kutosha." Kwa Efrazia ya kutosha maana yake kijiko kinasimama.

Baba Askofu akafumba macho akaomba. Akaomba kirefu, kuliko nilivyowahi kumsikia. Akasema Amina, akafumbua macho, na kikombe kilikuwa pale pale mbele yake. Akatazama kiti cha kando yake. Hakuna mtu.

Nikamwonea huruma mzee yule kabla sijajua ni kwa nini.

"Mama Stefania," akasema, "chai hii siwezi kuinywa."

Efrazia akasimama. "Hata wewe, Baba?"

"Kaa, mama. Kaa unisikilize. Mimi nina kisukari. Ninacho tangu kabla sijawekwa wakfu kuwa askofu."

Akaeleza yote. Kwamba wakati anachaguliwa walikuwepo waliosema ni dhaifu, hatafika mbali, akaogopa ugonjwa wake ukijulikana watasema si tuliwaambia. Kwamba ziara yake ya kwanza Handeni aliacha sahani nusu, na kabla jua halijazama watu walikuwa wanasema Askofu Msambaa anaogopa kulogwa na Wazigua. Alilia garini. Na wewe, Simeo, ulikaa kiti cha nyuma na kofia yake mapajani, ukasema lile neno lako.

"Akaniambia, Baba, wewe omba, mimi nile," alisema Baba Askofu. "Kwa hiyo nikawa naomba. Kila mahali nikawa naomba mpaka amalize kubadilisha sahani. Wali, soda, chai, kila kilichokuwa kinaniua mimi alikula yeye. Wakamwita mlafi mbele yangu, nami nikanyamaza. Nilimwapisha asimwambie mtu. Akaniuliza, hata Efrazia? Nikasema hata Efrazia. Hapo ndipo nilipokosa, mama. Alikubali kwa sababu ni mimi niliyemwomba, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anabaki nyumbani na sahani."

Efrazia amekaa, mikono ameifumbata kwenye kanga.

"Na nikwambie jambo jingine. Tukirudi, tukishavuka mto tu, alianza kulalamika, anasema: Leo Efrazia kaunga kisamvu, Baba, nakisikia harufu mpaka huku. Na mimi tumbo limejaa wali wa watu nisiowaomba. Kila safari. Mimi nimekaa mbele nina njaa, yeye amekaa nyuma ameshiba, na wote wawili tunasikitikia kisamvu chako."

"Alisema hivyo?"

"Kila safari. Mwulize dereva, alikuwa anaambiwa aendeshe polepole labda chakula kitashuka."

Kisha Baba Askofu akainamisha kichwa akasema kile kilichokuwa kimemkondesha. "Naogopa ni mimi niliyemwua. Nilimlisha kifo changu kwa kijiko."

Hapo nikaingia mimi. Nikamwambia, "Baba Askofu, usijipe sifa zisizo zako. Ukoo wetu tunakufa kwa moyo tangu zamani. Baba yetu alikufa kwa moyo, na huyo alikuwa anakula mlenda na chumvi. Simeo angekufa vile vile, ila angekufa na njaa." Sijui kama ni kweli kwa udaktari. Ni kweli kwa ukoo.

Nje jirani alikuwa anatwanga. Efrazia akajipangusa uso kwa pembe ya kanga, upande mmoja, kisha upande wa pili, akamtazama Askofu kwa muda mrefu.

"Mwaka mzima," akasema, "nimemchukia Mama Beatrisi wa watu. Nimemwona kanisani nikahama benchi. Kumbe ni wewe."

"Ni mimi nini, mama?"

"Yule mwanamke."

Baba Askofu alicheka, Simeo, alicheka mabega yakatetemeka, kisha tukaona si kicheko tena. Efrazia naye vile vile. Mimi nikatazama dari, dari yako inavuja, watoto nimewaambia.

Bado hawajamaliza kujipangusa, tukasikia hodi. Majirani walikuwa wameona gari la Askofu. Wakaingia wazee wa kanisa, wakaingia akina mama wa kwaya, wakajaa sebule nzima, shikamoo huku, bwana asifiwe kule. Na macho ya akina mama, unayajua, hayakwenda kwa Askofu. Yalikwenda kwenye kikombe. Kikombe kimejaa, maziwa yameshatanda utando juu. Askofu kwa mjane wa kasisi wake, na hajagusa chai. Nikaona mama mmoja anamgusa mwenzake goti.

Baba Askofu aliona pia. Wakati ule alikuwa bado hajawa tayari kulitangaza, alikuwa amekuja kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Efrazia akasema kwa sauti ya mwenye nyumba, "Baba Askofu, waombee wageni."

Wakafumba macho wote. Baba Askofu akaanza kuomba. Mimi si wa upande huo, macho yangu hayalazimiki, kwa hiyo niliona. Mkeo alinyoosha mkono, akachukua kikombe cha Askofu, akainywa ile chai yote kwa mkupuo mmoja, utando na sukari ya chini, akakirudisha kwenye kisahani bila kukigonga. Baba Askofu naye, kama aliyeguswa kiwiko, akasogeza sala mbele kidogo, akaombea na ng'ombe waliotoa maziwa, mpaka Efrazia akapata nafasi ya kupangusa midomo.

Amina.

Yule mama akatazama kikombe kitupu, akamtazama Efrazia, akaona povu la maziwa limebaki hapa juu ya mdomo.

"Mama Stefania! Umekunywa chai ya Baba Askofu?"

"Nilikuwa na kiu," Efrazia akasema.

Nikamsikia wakitoka anamwambia mwenzake mlangoni, "Kumbe ulafi wenyewe ulikuwa wa nyumba nzima!" Efrazia alisikia. Alikuwa anakusanya vyombo, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu tukuzike nilimwona anacheka peke yake.

Ibada ya kukukumbuka ni Jumamosi hii nyumbani Kwamndolwa. Efrazia anapika. Mama Beatrisi ameitwa, anakuja na maziwa yake.

Wanaokukumbuka ni mkeo Efrazia. Wanao Stefania na Penieli. Mimi dada yako Mwanaidi. Kaka yako Sabiri. Wapwa zako Abdi na Hafsa. Wajomba wa Bungu na ndugu wote wa Misima. Watani wako, ambao sufuria lao bado liko kwetu. Na Baba Askofu Yordani, ambaye ameomba aandikwe humu pamoja na familia.

Tukikaa kula tunakutaja, Simeo, na tutaendelea kukutaja maadamu tunakula.